Mpishi wa Biskuti za Baridi

Sisi wasichana wa bweni tulimwita Baba Mpishi. Masera, yaani watawa wa misheni, walimwita Mpishi tu, kana kwamba katika Kasongo nzima hakuna mwingine anayejua kupika. Jina lake ninalijua, lakini nikiliandika hapa nitaona kama ninamwita mbele ya watu, na ruhusa hiyo hajanipa.

Nimemfahamu tangu nilipofika kwa masera nikiwa mdogo, natoka Kabambare, sijui hata kufunga vizuri kamba ya viatu. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilimfanyia jambo, jambo la kopo moja la mafuta, nikalinyamazia miaka minne. Kwa sababu ya kunyamaza kwangu aliapa uongo bila kujua, na mama mmoja wa mtaani kwake akachekwa mpaka jina lake likapotea. Nitafika huko. Lakini nikianzia huko, mtu asiyemjua ataona kopo tu, hatamwona yeye.

Basi nianze na sikio lake. Wapishi wengine huonja. Yeye hakuonja kitu. Alitoa biskuti moja kwenye furu, tanuri lake la kuni, akaingoja ipoe, akaisogeza kwenye sikio la kushoto na kuivunja. Ikilia vizuri, trei nzima ilitoka. Ikikatika kimya kimya, aliirudisha trei motoni na kusema, "Bado haijasema." Siku moja Masera mgeni, aliyekuwa amefika kutoka Ulaya wiki hiyohiyo, alimkuta na biskuti sikioni akamwuliza kwa Kiswahili chake cha kitabu kama anaumwa.

"Hapana, Masera," alisema Mpishi. "Tunaongea."

Hakuonja kwa sababu sukari aliichukia kabisa. Kahawa aliinywa chungu, nyeusi kama masizi, na alituonea huruma sisi tuliopenda vitu vitamu, kama mtu anavyowaonea huruma wagonjwa. Sababu ya pili ilikuwa pua. Moshi wa kuni wa miaka mingi pamoja na ugoro wake ulikuwa umeimaliza. Maziwa yaliweza kuungua mbele yake asijue mpaka aone. "Pua yangu ilishaacha kazi," alisema, "mimi bado." Tulicheka. Sikuwaza kwamba mpishi asiyenusa anahitaji watu wa kweli kando yake.

Furu ilikuwa nyuma ya jiko, ya matofali na udongo wa kichuguu, aliijenga mwenyewe. Saa haikuwepo jikoni. Alitupa unga kidogo wa mchele juu ya tofali la ndani, kisha akasoma Alhamdu moja polepole. Akimaliza, unga ukiwa mwekundu, furu iko tayari. Ukiwa mweusi, alitoa makaa na kusoma tena. Ndivyo alivyopika biskuti za Noeli, kwa kipimo cha Alhamdu, na masera walizila katika chumba chao chini ya msalaba na kumsifu. Mwenzangu mmoja mwenye mdomo alimwuliza kama Yesu hatakasirika.

"Nyinyi musome Salamu Maria tatu," alijibu bila kugeuka. "Tutafika pamoja."

Tulijaribu. Kweli tulifika pamoja, ila mwenzangu alisoma haraka ili amshinde, na Mpishi akamwambia arudie kwa sababu hakumheshimu Mama wa watu.

Biskuti zenyewe zilitoka katika kitabu cha Masera Mkubwa. Kila mwaka, kabla ya Noeli, sanduku lilifika kutoka Ulaya, na ndani yake mlikuwa na bonbo za menti, zile peremende ngumu zenye mistari myekundu na myeupe. Mpishi alizifunga katika kitambaa na kuzivunja kwa chupa, akigeuza uso pembeni kama mtu anayechinja. Ndani ya unga aliongeza maji ya nanaa ya uani kwake, jambo ambalo halikuwa katika kitabu na Masera Mkubwa hakuwahi kulijua. Biskuti zikitoka tu, bado moto, aliharakisha kunyunyiza zile punje za bonbo juu yake zishike. Kama ulichelewa kumpa sahani, siku hiyo ulijuta.

Ukila biskuti ile kisha ukavuta pumzi, mdomo wote unakuwa baridi. Watoto waliziita biskuti za baridi. Siku ya Noeli ungewaona wanakimbia njiani midomo wazi, upepo uingie.

Masera walimwambia kwamba ladha ile ni ya majira yao ya Noeli, kwamba kwao mwezi huo maji ya mto yanakuwa mawe na mtu anatembea juu yake. Alilifikiria siku nzima akipepeta mchele.

"Na mihogo yao inaota wapi?" alituuliza jioni.

Tulimwambia hawana mihogo.

"Njo maana walikuja," alisema, akarudi kwenye mchele wake.

Kwetu mwezi huo ni mvua. Biskuti huvuta maji hewani, na ikilala usiku mmoja inakuwa laini kama mkate wa jana. Dawa yake ilikuwa mchele. Aliukaanga mkavu mpaka ukabadilika rangi, akautia katika vifuko vya kitambaa na kuvilaza chini ya biskuti ndani ya makopo. Mchele unakunywa maji, biskuti zinabaki kavu. Tangu nilipokwenda sekondari Masera wa fizikia ametufundisha habari ya unyevu, na nilitaka kuinua mkono niseme kwamba hiyo ninaijua tangu jikoni. Sikuinua. Mimi mkono wangu ni mzito, hata nikijua jibu.

Alikuwa na ubahili wa ajabu. Kuni alizipanga kana kwamba ni watoto wake. Msichana mmoja alitupa biskuti iliyovunjika, naye hakusema nasi siku tatu, si na yeye tu, na sisi wote. Lakini trei mbili za mwisho za Noeli, zilizokuwa haki yake kwa makubaliano na Masera Mkubwa, alizipeleka zote mtaani kwake, mtaa wa waislamu, asibakize hata moja nyumbani. Alizigawa barazani alasiri ya Noeli, kwa watoto wa kila dini, na wakubwa pia walijipitisha hapo wakijifanya wanasalimia. Na Idi ikifika, mke wake alituma wali na kuku mpaka kwenye nyumba za wakristo. Hakuna aliyeona ajabu.

Watu wa mtaa walikula kwa sababu ya kopo moja. Misheni ilifuga nguruwe, kila mtu alijua. Kwa hiyo Mpishi alikuwa na kopo lake la bluu kwenye ubao wa juu, lenye mafuta meupe ya ng'ombe aliyoyanunua mwenyewe magazini, yaani dukani, na kijiko chake, na trei zake mbili ambazo hakuna mwingine aliyezigusa. Mtaani waliuliza kitu kimoja tu: "Ni ya kopo yako?" Akisema ndiyo, walikula.

Sasa nimefika.

Jumamosi kabla ya Noeli ile, masera walichinja nguruwe. Sisi wanne wa zamu tulipewa kazi ya kuyeyusha mafuta yake. Kwa masera kopo tupu halitupwi kamwe. La maziwa linakuwa la chumvi, la chumvi linakuwa la misumari. Masera alitwambia tumimine mafuta katika kila kopo tupu tulionalo. Tulijaza yote, na katika beseni langu yakabaki. Wenzangu walikuwa wamekwenda kuoga. Niliona kopo la bluu juu, nikapanda kiti, nikalishusha. Chini kabisa mlikuwa na mafuta kidogo, kama vijiko viwili. Nilijua ni kopo la nani? Nimejiuliza mara nyingi. Nilijua ni la Mpishi. Sikujua kwa nini ni lake peke yake, kwetu Kabambare sisi ni wakristo na jikoni nilikuwa mgeni. Ningeweza kuuliza. Masera alikuwa mlango wa pili, na mimi nikaona heri kumimina kuliko kugonga mlango. Nikajaza, nikarudisha juu.

Siku iliyotangulia Noeli Mpishi alishusha kopo lake akalikuta limejaa, na mafuta meupe kama yake. Alisimama nalo mikononi, uso umefunguka. Masera mgeni alikuwa anapita, na Mpishi akamwambia kwa Kiswahili cha haraka, "Masera, aksanti, munanijazia kopo yangu kwa Noeli." Masera yule alijua Kiswahili cha kitabu tu. Alitabasamu, akasema, "Ndiyo, ndiyo," akaenda.

Mpishi akanigeukia. Nilikuwa na beseni la unga mikononi.

"Unaona, mwanangu? Masera wananikumbuka."

Nilikuwa nimeshaelewa. Wiki ile wenzangu walikuwa wamenieleza habari ya kopo, wakicheka jinsi Mpishi anavyolilinda. Nilifungua mdomo. Kisha nikaangalia unga. Naye akachukua kijiko chake.

Menti ilifunika kila kitu. Biskuti zilivunjika vizuri, zilisema, alifurahi. Kesho yake mimi na msichana mwingine tulitumwa kumsaidia kubeba trei mpaka barazani kwake. Watoto walijaa. Mama mmoja jirani, aliyepika vitumbua vya mchele kando ya njia ya msikitini, alichukua biskuti, akaifikisha mdomoni, akaishusha.

"Mpishi," alisema, "mafuta hii ni ya nini?"

"Ya ng'ombe, mama. Ya kopo yangu."

"Pua yangu inaniambia kitu kingine."

Watu walicheka. Mpishi naye alicheka, hakuwa na ubaya. "Basi chukua ya pili, Mama Pua, unuse vizuri."

Wakacheka zaidi. Mama yule hakucheka. Alirudisha biskuti kwenye trei, polepole, na kusema kwamba hatakula wala mtoto wake hatakula, na kwamba anamwuliza tena kwa heshima. Mpishi aliona kwamba sasa anaitwa mwongo mlangoni kwake, siku ya kugawa. Aliweka mkono kifuani, akaapa, Wallahi, kwamba mafuta ni ya ng'ombe na ni ya kopo lake. Na mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika trei.

Watu wakala. Jina likabaki. Mama Pua akipita, watoto walijishika pua. Wanawake walipokuja kununua vitumbua walimwambia, "Vinuse kwanza, Mama Pua, tusije tukala paka." Ni mchezo tu, hakuna aliyemchukia. Lakini baada ya miezi michache aliacha kukaa njia ya msikitini, akapikia mlangoni kwake, ndani ya mtaa, ambako wapitaji ni wachache. Nilipita hapo mara nyingi nikienda mtoni. Nilinunua kitumbua kila nilipoweza, nikala bila njaa. Nilidhani inasaidia.

Mpishi aliendelea na kazi Noeli mbili zaidi. Kisha miguu ilivimba, akaondoka bila sherehe. Masera walimpa blanketi na picha ya Mama Maria, ambayo aliipokea kwa mikono miwili na kumpa yule mwenzangu mwenye mdomo. Alikwenda kuishi kwa binti yake Lusangi. Mpishi mpya anapika biskuti za baridi kutoka kitabuni, haweki nanaa, na anaonja.

Mwaka huu nilikwenda nyumbani Kabambare kwa Noeli. Katika kurudi, kamio yetu, lile lori la abiria na mizigo, ilifika Lusangi ikakuta mvua imechukua magogo ya daraja. Dereva alisema tutalala siku mbili. Njiani nilimwona binti wa Mpishi, niliyemjua kwa sura, akanipeleka kwa baba yake.

Alikuwa ameketi kivulini nyuma ya nyumba, ungo wa mchele magotini, anatoa mawe. Amekonda. Hakunitambua mpaka niliposema natoka kwa masera.

"Ule wa kimya," alisema. "Ulikuwaka na mikono mizuri kwa unga. Kaa."

Tuliongea habari za furu, imepasuka upande mmoja. Aliuliza nani anapanga kuni. Alinipa kahawa yake chungu nikainywa yote. Nilijua kwamba nikiondoka bila kusema sitasema tena maisha yangu yote, kwa sababu hakuna daraja lingine litakalovunjika kwa ajili yangu.

"Baba," nilisema, "ile Noeli ya Mama Pua."

"Enhe."

"Kopo yako ni mimi niliyejaza. Na mafuta ya nguruwe."

Vidole vyake viliendelea na mchele. Alitoa jiwe, akatoa la pili.

"Masera aliniambia ndiyo."

"Masera hakusikia Kiswahili chako, Baba."

"Na wewe ulikuwa pale. Na beseni."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza kitu."

"Uliniambia masera wamekukumbuka. Sikujibu."

Kuku walikuja mpaka miguuni, hakuwafukuza. Nilingoja anifukuze mimi.

"Kula bila kujua, Mungu anahurumia," alisema mwishoni. "Hiyo haitaniumiza tumbo. Lakini niliapa. Niliweka mkono hapa." Alijigusa kifua. "Na jina ile, mimi njo nilimupa. Wanamuita vile mpaka leo?"

"Mpaka leo."

"Mbele ya watoto wake?"

"Watoto wake pia wanaitwa hivyo. Watoto wa Mama Pua."

Aliweka ungo chini. Aliniuliza kama nina karatasi, nikatoa ukurasa katika kaye hii hii, daftari ninaloandikia sasa. Aliniambia niandike, atasema.

Alianza hivi: "Mimi mpishi, sikuangalia kopo yangu. Nilichukua mafuta mubaya kwa uzembe yangu."

Niliandika. Nataka kusema kweli hapa: mkono wangu ulikuwa mwepesi. Niliandika mistari ile miwili kwa herufi nzuri kuliko za mtihani. Kisha nikasimamisha kalamu.

"Baba, hii si kweli. Kopo uliangalia."

"Andika ninachosema. Mimi ni muzee, watanifanya nini? Wewe mwaka kesho utafundisha watoto wa watu pale pale Kasongo. Watakuheshimu namna gani?"

Nilikata ile mistari.

"Unaharibu karatasi."

"Nitatoa nyingine."

Nikatoa nyingine, nikaandika mwenyewe, yeye akinitazama kalamu ingawa hasomi. Niliandika kwamba mimi, mwanafunzi wa masera, nilimimina mafuta ya nguruwe katika kopo la Mpishi, nikajua, nikanyamaza; kwamba Mpishi aliapa akiwa amedanganywa na kimya changu; kwamba Mama Pua alisema kweli siku ile, peke yake kati yetu wote.

Alinitaka nimsomee. Nilisoma. Nilipofika mwisho alinizuia kwa mkono.

"Usiandike Mama Pua. Mutu haandikwi vile. Ni Zaina binti Amisi. Baba yake alikuwa mutu wa Nyangwe, fundi wa mitumbwi. Andika yote."

Nikaandika yote.

"Na hajue kusoma," alisema. "Utamusomea."

"Akiwa peke yake?"

"Tulimuchekea peke yake?"

Nimefika Kasongo jana. Leo baada ya masomo nilimwomba Masera ruhusa ya saa moja, akanipa bila kuuliza, mimi si mtu wa kuulizwa. Mama alikuwa mlangoni kwake, kijiti mkononi, anageuza vitumbua. Wanawake wawili wa mtaa walikuwa wanangoja, wote wawili nawakumbuka kwenye baraza lile, na mmoja alikuwa anamwambia, "Mama Pua, nusa hicho cha mwisho, naona kimekasirika." Naye alikuwa anatabasamu kidogo, kama anavyotabasamu mtu aliyechoka kukataa.

"Mama Zaina," nilisema.

Kijiti kilisimama. Wale wawili walitazamana.

"Mama Zaina binti Amisi, nina barua yako. Inatoka Lusangi kwa Mpishi, na inatoka kwangu."

Alinitazama usoni, kisha akatazama karatasi. Aliepua kikaango motoni, akajifuta mikono kwenye kitenge. Mmoja wa wale wanawake alikuwa ameshachukua vitumbua vyake na kugeuka aende.

"Kaa," Mama Zaina alimwambia. "Na wewe pia, kaa."

Wakakaa. Nikaanza kusoma.